Kopo la mgando chini ya cherehani

Desemba ya mwaka juzi nilivuta uzi kwenye satini ya watu. Satini ya rangi ya maziwa, mita nne, imenunuliwa Kariakoo kwa ajili ya gauni la msimamizi wa bibi harusi, na harusi yenyewe ni Jumamosi. Nilikuwa nalainisha pindo kwa kiganja, kazi ambayo mkono wangu unaifanya wenyewe bila kuniuliza, nikasikia sauti ndogo, krrr, kama panya kwenye karatasi. Kigamba cha ngozi kilichosimama pembeni ya kidole gumba kilikuwa kimenasa nyuzi mbili, na mstari umekimbia urefu wa kidole kuelekea kiunoni. Nikauficha ndani ya mshono wa ubavu. Gauni likaingia kidogo, na kwa bahati dada alikuwa amepungua. Hadi leo hajui. Kama unasoma hapa, dada, nisamehe, lilikukaa vizuri.

Siku mbili baadaye kidole hichohicho kilichopasuka kikadondosha damu kwenye shati jeupe la kipaimara. Mafundi tuna dawa yetu: damu ya nani, mate ya nani. Unatafuna kipande cha uzi mweupe mpaka kiloe mate yako, unafuta nacho damu yako, inatoka. Ikatoka. Lakini nilibaki nimekaa pale kibarazani, mdomo umekauka, nikajiambia mikono hii ikiendelea hivi, mwakani nitakuwa nauza vocha.

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi mjini, miaka thelathini na sita, na nina pumu ya ngozi tangu nanyonya. Kwenye vitabu utakuta inaitwa ukurutu, na hospitali wanaweza kukuandikia ekzema, lakini huku kwetu ni pumu ya ngozi, na naona aliyeipa jina hilo alikuwa na akili. Inatembea na pumu ya kifua na mafua ya vumbi kama watoto wa tumbo moja. Mama yangu ana ya kifua. Kaka yangu hupiga chafya kuanzia mahindi yanapochanua hadi yanapovunwa. Mimi nikapewa ya ngozi.

Picha nyingi unazokuta mtandaoni zinaonyesha mikono ya Wazungu imekuwa myekundu kama nyanya. Kwa ngozi yangu ukisubiri wekundu utasubiri sana. Yangu inaanza na vipele vidogo vigumu kama vya mtu aliyeshikwa na baridi, inageuka rangi ya majivu, na nikishaikuna vya kutosha inakuwa nyeusi na nene, yenye mistari kama ngozi ya goti la ng'ombe. Inapopona inaacha baka, pengine jeusi, pengine jeupe, na baka hilo hukaa miezi. Nasema hivi kwa sababu nilipoteza muda mwingi nikidhani mabaka ndiyo ugonjwa. Baka ni kumbukumbu tu. Ugonjwa ni pale panapowasha.

Sasa niseme nilivyojitesa, maana ndiyo sehemu ndefu zaidi.

Nilikulia Kibosho kwa bibi. Bibi alikuwa na samli kwenye kibuyu, na kila jioni baada ya kuoga alinipaka mwili mzima mbele ya moto. Ngozi yangu ilikuwa nzuri miaka ile. Nikaja mjini kujifunza kazi, nikaona aibu kunuka samli, nikaacha. Ikawa mkono unapasuka, natafuta dawa. Unapoa, naacha. Na dawa nilizotaka ni za asili, kwa sababu kama wengi wenu niliamini kitu kikitoka kwenye mti hakiwezi kunidhuru. Nilichemsha mwarobaini mpaka nyumba nzima ikanuka uchungu. Nilipaka limau na asali. Limau kwenye ngozi iliyopasuka, aisee, niliona nyota mchana, halafu nikakaa nayo juani na ikaniachia alama nyeusi mpya ambazo sikuwa nazo. Baadaye nilielewa kwamba maji ya limau yakikutana na jua yanaweza kuunguza ngozi ya mtu yeyote, hata mzima. Nilikata jani la mshubiri nyuma ya nyumba nikajipaka lote kama lilivyo, na ule utomvu wa njano unaochuruzika chini ya ganda ukaniwasha usiku kucha. Ute mweupe wa katikati una ubaridi mzuri, sikatai. Utomvu wa njano unatakiwa uachwe uchuruzike wote kwanza, na mimi hakuna aliyenieleza. Jirani mmoja alinishauri magadi. Hapo angalau nilikataa.

Mwisho nikanunua kikopo. Kidogo, cheupe, hakina lebo, kimebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu, "asili tupu". Elfu kumi na tano. Aliyeniuzia alisema ni mizizi na nta. Siku ya tatu mikono ikawa laini kama kava ya mto. Nilimwambia mke wangu tumepona. Nilipaka miezi minne, mikono, shingo, nyuma ya magoti, kila nilipojisikia. Kisha muuzaji akapotea stendi, kikopo kikaisha, na ndani ya wiki moja ugonjwa ukarudi na ndugu zake wote. Shingo iliwaka. Ngozi ya ndani ya kiwiko ilikuwa imekuwa nyembamba hadi mishipa inaonekana. Mkono wa kushoto ukaanza kutoa majimaji na kufanya gamba la rangi ya asali, nikapata homa.

Ndipo nikapanda gari la kwenda KCMC, hospitali kubwa ya rufaa hapa Moshi. Nikiwaza jambo hili nacheka kwa uchungu. Pale KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, RDTC, kinachosomesha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, na ndipo inapotengenezwa Kilisun, ile losheni ya kuwakinga na jua ndugu zetu wenye ualbino. Watu wanavuka mipaka kuja kusomea ngozi Moshi. Mimi nilikuwa naishi safari fupi ya daladala kutoka hapo, nanunua kikopo stendi.

Daktari aliyeniona alikuwa dada wa makamo, mpole. Alishika mkono wangu bila glavu, akaugeuza kuelekea dirishani kama mimi ninavyogeuza kitambaa kuangalia upande wa mbele na wa nyuma. Akaniuliza, "Kaka, ulipaka kikopo gani?" Sikuwa nimetaja kikopo. Akaniambia anachokiona ni kazi ya steroidi kali, dawa ya kutuliza ngozi iliyovimba na kuwasha, iliyopakwa muda mrefu, na lile gamba la asali ni vijidudu vilivyopata mlango. Nikapewa dawa ya kuua vijidudu kwanza. Wenye pumu ya ngozi mnisikilize hapa: ukiona majimaji, gamba la njano, maumivu na homa, hapo si suala la mafuta ya nazi wala ya shea tena. Nenda.

Nilijifunza pia kwamba vipodozi tangu 2019 viko chini ya TBS, shirika la viwango, na dawa ziko TMDA, mamlaka ya dawa iliyokuwa TFDA zamani. Kikopo kisicho na lebo hakiko chini ya yeyote.

Steroidi yenyewe si adui, na hili lilinichukua muda kulikubali. Alinipa ya kwake, yenye jina na nguvu inayojulikana, nipake kwa kipimo: ukikamua tyubu kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye pingili ya kwanza, hiyo ni kama nusu gramu na inatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Mimi nilikuwa napaka kama siagi. Wiki mbili, kisha nirudi anione. Halafu akasema maneno ambayo nilidhani ni ya kunifukuza: "Hiyo ni ya kuzima moto. Kazi yako wewe ni mafuta, kila siku, hata siku ambayo hakuna kinachowasha."

Nilitoka pale nimevunjika moyo. Mafuta? Bibi alinipaka mafuta bure.

Lakini alinieleza kwa nini, nami nikaielewa kifundi. Ngozi ya mtu asiye na ugonjwa huu ni kitambaa kilichofumwa kikabana, na kina bitana. Yangu imefumwa legelege. Kuna protini inaitwa filagrini inayosaidia kubana ule mfumo na kushika unyevu, na baadhi ya watu wenye pumu ya ngozi wamerithi upungufu wake. Maji yanatoka usiku na mchana, na vumbi, sabuni na vijidudu vinaingia. Askari wa mwili wanakurupuka, ngozi inawasha, unakuna, unapasua mfumo zaidi. Basi mafuta ni bitana ya kushonea kila siku, kwa sababu kila siku inafumuka. Hakuna bitana ya kushona mara moja ikatosha.

Tatizo langu likawa hapo kwenye kila siku. Wiki ya kwanza nilipaka kama mwanajeshi. Ya pili nikasahau Jumatano. Ya tatu ngozi ilikuwa nzuri, na ngozi ikiwa nzuri nani anakumbuka kopo? Isitoshe mimi nashika nguo za watu. Mikono yenye mafuta kwenye satini ni alama ya kudumu. Nilikuwa na sababu nzuri kabisa ya kutopaka, na mtu mwenye sababu nzuri haamki.

Kilichoniokoa ni mashine. Mzee aliyenifundisha kazi, pale Majengo, alikuwa hakuruhusu ukanyage pedali asubuhi kabla hujadondosha mafuta kwenye vitundu vyote vya cherehani. Haijalishi kama jana ililia au haikulia. Miaka kumi na nane sijawahi kuruka. Asubuhi moja nimeshika kile kichupa cha mafuta ya mashine, naangalia vidole vyangu vilivyopauka kama ukuta wa chokaa, nikaona ninavyotunza chuma kuliko mwili. Siku hiyohiyo nikaweka kopo la mafuta ya mgando chini ya cherehani, kwenye ile kamba niliyofungia kichupa. Siwezi kushika kimoja nisishike kingine. Napaka mikono, halafu kwa dakika kumi nafanya kazi zisizogusa nguo: naandika madeni, najaza bobini, nafagia, nasalimiana na mama wa ndizi. Kisha nafuta vidole kwa kitambaa cha pamba na kuanza. Saa saba nikimaliza kula, tena. Jioni nikifunga, tena. Mengine yote nitakayoyaeleza hapa yalishika kwa sababu hili lilishika.

Kuoga nako nilikuwa nakosea. Nilikuwa mtu wa maji ya moto, hasa mwezi wa saba ambapo Moshi ukungu unashuka na jua halionekani siku tatu. Maji ya moto juu ya ngozi inayowasha ni raha ambayo sitaidanganya, unasikia utamu hadi kwenye meno. Ukijifuta tu, unalipa. Siku hizi maji yangu ni ya vuguvugu, nayapima kwa ndani ya kiwiko kama ya mtoto, na naoga dakika tano, kumi nikizidi. Dodoki nililitupa. Najua wapo watakaosema bila dodoki hujaoga, na mama yangu ni mmoja wao. Sabuni ya mche niliyokuwa najisugulia mwili mzima imebaki ya nguo. Ngozi ina uchachu kidogo, pH yake, kipimo ambacho namba ndogo ndiyo uchachu zaidi, ni kama 5, na sabuni nyingi za kipande ziko 9 hadi 10, kwa hiyo kila ukijisugua unaitoa kwenye hali yake. Sabuni yangu haina manukato na naipaka kwapani, miguuni na sehemu za siri. Mikono na shingo vinapata maji tu. Miezi yote hii hakuna aliyenikwepa kwenye daladala.

Kisha khanga. Taulo linakwaruza, khanga kuukuu ya mke wangu iliyofuliwa hadi ikasahau methali yake ndiyo nzuri. Sijisugui, nagandamiza tu. Ngozi ikiwa bado na unyevu, ndani ya dakika tatu hivi, mafuta yanafuata, nikishuka nayo kuelekea vinyweleo vinakolala. Kopo liko bafuni. Nikisema nitapaka nikifika chumbani, simu itaita.

Mafuta gani? Hapa ndipo watu wa asili tunapogombana. Mimi nimejaribu kwa miaka, kwa hiyo nitasema ninavyoona.

Mafuta ya nazi, yale ya kukamuliwa bila kuchomwa, yamenifaa. Yanapunguza na wale vijidudu wanaopenda ngozi ya pumu. Ubaya wake hapa kwetu ni kwamba mwezi wa saba yanaganda kwenye chupa, maana huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na mimi asubuhi ya baridi sina subira ya kuyachokonoa kwa kijiti. Ya alizeti yalinishangaza. Nilidhani ni ya kukaangia tu, kumbe yana asidi ya linoleki, ambayo ngozi inaitumia kujengea ukuta wake. Tena ndiyo rahisi kupita yote. Zeituni ndiyo niliyoiacha. Ina asidi nyingi ya oleki, ambayo inalegeza ule mfumo badala ya kuubana, na kwa mtu ambaye mfumo wake umeshalegea ni kumsukuma aliyekwisha jikwaa. Chochote chenye harufu nzuri sana, mlangilangi, mchaichai, mafuta ya mti wa chai, mimi nanusa na kumpa mwenzangu. Maua nayo ni asili, na upupu vilevile.

Usiku naishia na mgando. Nimebishana na rafiki yangu mmoja anayeuza vipodozi vya mitishamba, ananiambia mgando ni mafuta ya petroli. Ni kweli, na petroli imetoka ardhini kama viazi. Kinachonihusu ni kwamba hakuna ninachokijua kinachofunga maji ndani ya ngozi kama mgando usio na harufu, na ngozi yangu haijawahi kuukataa.

Katikati ya wiki natumia marhamu ninayojipikia. Nusu kikombe cha nazi, nusu cha alizeti, na robo kikombe ya nta ya nyuki iliyokwanguliwa. Nta naipata kwa wauza asali; unainunua chafu, unaiyeyusha na kuichuja kwa kipande cha kitenge cha zamani. Bakuli linakaa juu ya sufuria ya maji yanayochemka polepole, usiweke nta moja kwa moja kwenye jiko la gesi, inashika moto. Ikishayeyuka unaimimina kwenye vikopo vikavu. Vikavu, narudia, tone la maji likiingia litakuletea ukungu. Ikitoka ngumu mno, yeyusha tena uongeze alizeti. Mafundi tunarudia kazi kila siku, sioni haya.

Kilichobadilika zaidi ya aina ya mafuta ni wingi. Zamani kopo la gramu 250 lilinikaa miezi mitatu, na nilijisifu. Miongozo ya Uingereza inataja gramu 250 hadi 500 kwa wiki kwa mtoto mwenye ugonjwa huu. Niliposikia nikadhani wamekosea sifuri. Sifiki huko, kwangu ni mikono, shingo na magoti, lakini kopo langu sasa likifika wiki ya tatu limejitahidi. Kama elfu nne na mia tano kila safari. Nililinganisha na elfu kumi na tano za stendi, nikanyamaza.

Jambo jingine ni daftari. Nina lile daftari la vipimo kama kila fundi, mbele kuna mabega na viuno vya watu. Nilianza kuandika kwa nyuma: leo imewasha kiasi gani kwa kumi, nimelala saa ngapi, nimepaka mara ngapi, nimeshona nini. Hiyo ya mwisho niliiweka kwa mazoea tu. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa ameniachisha chakula. Acha nyama. Acha dagaa. Acha maziwa, acha mayai, acha parachichi. Parachichi! Mimi mtu wa Kibosho! Kuna watoto ambao chakula fulani huwaamshia ugonjwa, hilo daktari alikubali, lakini kwa mtu mzima mara nyingi si hivyo, na nilikuwa nimekonda bila faida.

Daftari baada ya miezi miwili likasema kitu kingine. Namba saba na nane zote zilikuwa siku za vitenge vipya. Kitenge kikitoka dukani kimejaa wanga na dawa za kukikazia, kile kinachofanya kilie kama karatasi ukikikunja, na mimi nakaa nakipapasa saa kumi kwa siku mikono ikitoa jasho. Siku za mashati ya pamba yaliyofuliwa na mitumba ya kupunguza zilikuwa namba mbili, tatu. Siku hizi mteja akileta kitenge namwambia akakiloweke na kukifua kwanza, kisije kikarudi akishavaa. Ni kweli kitarudi. Sijamwambia sababu yangu ya pili.

Nililiona na jambo la Desemba. Wenzetu wote wa Dar wanapanda kuja kuhesabiwa nyumbani kwa sikukuu, sare za harusi na ndafu haziishi, nakesha na mashine hadi saa nane usiku. Kukosa usingizi peke yake kunanipandisha namba mbili, hata kama nimepaka vizuri. Sina dawa ya hilo zaidi ya kukataa kazi, na Desemba moja ndiyo ada ya shule. Pia nina sweta la sufu nililolipenda, mtumba wa Kiboriloni, elfu tatu tu. Sasa linavaliwa juu ya fulana ya pamba ya mikono mirefu au haliendi popote.

Ikipanda kweli, naoga oti. Oti zilezile za uji, zisizo na sukari wala ladha, nazisaga kwenye blenda hadi ziwe vumbi. Kipimo chake ni kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, yakigeuka kama maziwa na kukaa hivyo zimesagika, yakibaki maji na makapi chini, rudisha. Vikombe viwili kwenye beseni la vuguvugu, nakaa nimetumbukiza mikono robo saa kama mtu anayesubiri kunyolewa. Mtoto wangu anapita ananiuliza, "Baba, unapika mikono?"

Mtoto naye, nimekuja kwake sasa. Neema ana miaka mitatu, na mashavu yalianza alipokuwa na miezi mitano. Nililia, sifichi. Nilijua ameyatoa wapi. Mama mkwe alipofika kumwona alikuwa na chupa ya mafuta ya zeituni kwenye mkoba, ya upako, aliyotoka nayo kwenye maombi.

"Baba Neema, huyu mtoto mbona mashavu kama gome la mti? Nimpake hii, imeombewa."

Unamwambiaje mama mkwe habari za asidi ya oleki? Nilikaa kimya muda. Mke wangu akawa anaangalia sakafu.

"Mama," nikasema, "upako tuuweke kwenye paji la uso kama inavyotakiwa. Mashavu yaliyopasuka tuachie haya ya mgando, ndiyo hospitali walisema."

Aliniangalia, akaangalia kopo, akaangalia mikono yangu ambayo aliijua tangu siku ya posa. Akachovya kidole, akachora msalaba kwenye paji, akafunga chupa. Jioni alipokuwa anaondoka aliniita pembeni na kuniuliza kama ile marhamu ninayopika inaweza kufaa magaga ya miguu. Nikampa vikopo viwili. Sasa ananidai kila mwezi, na ameshaanza kuwapa wenzake wa jumuiya kwa jina lake.

Sijapona. Nikiandika hivi kuna baka moja kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, mahali ninapovalia kile kijimto cha pini, kwa sababu joto la Februari linakusanya jasho chini ya mpira wake. Nimekihamishia kwenye kiti. Kucha nakata kila Jumapili, maana usiku mikono inajifanyia kazi yake na sina namna ya kuifunga. Tyubu ya daktari iko kwenye droo, mwaka huu nimeigusa mara mbili, mara zote kwa siku zilizopangwa.

Wiki iliyopita nililetewa satini tena, ya bluu ya bahari, suti ya mama wa bibi harusi. Niliitandaza mezani, nikafuta vidole mara mbili, nikapitisha kiganja chote kutoka begani hadi kwenye pindo. Sikusikia kitu.

Kopo limebaki robo. Kesho kabla sijafungua napitia soko la Mbuyuni.